Bob Dylan na nyimbo za watu wengine: nilichojifunza kwa gitaa kavu

Katika muziki wa dansi, hapa Dar es Salaam, mwanamuziki hupimwa kwa tungo zake. Bendi ya kopi, inayopiga nyimbo za wengine, hupata kazi hotelini na kwenye harusi, tena hulipwa vizuri, lakini wakongwe wakikaa kuzungumza muziki, hiyo haitajwi. Nimepiga gitaa la rithim katika bendi za aina zote mbili, kwa hiyo najua jinsi mpiga kopi anavyotazamwa. Ndiyo maana napenda kusimulia habari za mtunzi ambaye Wamarekani wengi humweka juu ya watunzi wote wa kizazi chake, aliyefika miaka 51, akaingia katika studio ya gereji nyumbani kwake na gitaa kavu, akarekodi kopi tupu. Mwaka uliofuata akarudia. Albamu hizo mbili za Bob Dylan, Good as I Been to You ya 1992 na World Gone Wrong ya 1993, zimenifundisha kazi yangu upya nikiwa tayari na wajukuu.

Dylan wa wakati ule alikuwa njiani karibu mwaka mzima. Tangu 1988 alikuwa anapiga maonyesho yanayokaribia 100 kila mwaka, na tungo mpya zilikuwa zimekauka. Albamu yake ya 1990, Under the Red Sky, wakosoaji hawakuipokea vizuri. Lakini waliokuwa wanakwenda kumwona jukwaani walishaona jambo: katikati ya onyesho alikuwa anaweka gitaa la umeme chini na kuimba wimbo wa jadi, wa mabaharia au wa wafungwa, na hapo sauti yake inaamka. Katikati ya 1992 aliingia studio mjini Chicago pamoja na mpiga gitaa David Bromberg na kundi zima la wanamuziki. Walirekodi nyimbo nyingi, na karibu zote akaziweka kando. Akarudi Malibu, California, akamwita Debbie Gold asimamie kazi na Micajah Ryan akae kwenye mitambo, akaanza kuimba peke yake. Gitaa, sauti, na harmonika hapa na pale. Mara ya mwisho kutoa albamu ya namna hiyo ilikuwa 1964.

Mtu anayesema mzee alikuwa ameishiwa, na akumbuke alikoanzia. Albamu yake ya kwanza, ya 1962, ilikuwa na nyimbo 13, na za kwake mwenyewe zilikuwa mbili tu. Kijana wa miaka 19 kutoka Hibbing, Minnesota, aliingia New York na mzigo wa kopi, akasikiliza, akaiba mbinu za vidole, akakaa kwenye vilabu vya Greenwich Village akiimba vya wenzake mpaka vyake vikaja. Miaka 30 baadaye alirudi kisimani.

Mimi CD hizo niliziletewa na mpwa wangu anayeishi Minneapolis. Aliniambia, "Mjomba, huyu kazaliwa jimbo ninaloishi mimi. Usisikilize sauti kwanza, sikiliza gitaa." Bendi yetu ilikuwa imekwisha kuvunjika. Wanaoijua kazi hii wanajua maana yake: vyombo ni vya mwenye bendi, na bendi ikifa, vyombo vinaondoka naye. Mpiga rithim anabaki na vidole vyake. Nilikuwa na gitaa kavu moja la nyumbani, la kufundishia watoto, na sikujua la kufanya nalo. Rithim ni kazi ya kushikilia wengine. Besi yuko kushoto kwako, solo yuko mbele, ngoma nyuma, nawe unajaza ukuta katikati. Ukiwa peke yako sebuleni, rithim inakuwa kama paa lisilo na nguzo.

Wimbo wa kwanza katika albamu ya 1992 unaitwa "Frankie & Albert", na nilianza na huo. Nilipoutafuta ulikotoka nikafika kwa Mississippi John Hurt, mkulima wa Avalon, kijiji kidogo cha Mississippi. Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya Okeh ilimrekodi Memphis na New York. Santuri hazikuuza sana, uchumi ukaanguka, Hurt akarudi shambani. Alikaa huko zaidi ya miaka 30, akipigia majirani, mpaka 1963 mpenzi mmoja wa muziki, Tom Hoskins, alipofuata jina la kijiji lililotajwa katika mojawapo ya nyimbo zile za zamani, akaenda na kumkuta mzee yupo hai na gitaa bado analijua. Mwaka huohuo Hurt alisimama kwenye tamasha la muziki wa jadi la Newport, Marekani, na kijana Dylan alikuwepo kwenye tamasha hilohilo. Miaka sita baadaye, 1969, jukwaa la Newport lilimpokea Mwenda wa Bayeke kutoka Katanga, aliyekuwa akiimba kwa Kiswahili, na ambaye wazee wetu walimwiga kwa gumba na kidole cha shahada. Niliposikia mkono wa kulia wa Hurt kwa mara ya kwanza, nilimkumbuka Mwenda papo hapo. Hawakujuana, lakini mkono unafanya kazi ileile: gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, vidole vinaimba kwenye nyuzi nyembamba.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo palipo na kazi. Shika chodi ya C ya kawaida, zile sauti kadhaa zinazobanwa pamoja kwa mkono wa kushoto. Gumba linapiga uzi wa tano, halafu wa nne, tena wa tano, tena wa nne, sawasawa kama mtu anayetembea na hana haraka. Hilo peke yake halina shida, mtoto analiweza kwa siku moja. Sasa mwambie kidole cha shahada kiingie katikati ya hatua mbili za gumba, siyo juu yake. Gumba linakataa. Linataka kukifuata kidole. Mpiga rithim aliyezoea kupiga nyuzi zote kwa pamoja kwa pliki, mkono wake mzima ni kitu kimoja, na hapa unauambia ugawanyike watu wawili. Nilikuwa nafunga mlango wa sebule, naweka kitambaa chini ya nyuzi karibu na daraja ili sauti isivume, nabaki na mdundo tu. Ukifunika mvumo hivyo, unasikia wazi gumba linapochelewa. Siku gumba lilipoanza kutembea lenyewe, nikiwa naongea na mke wangu huku mkono unaendelea, ndipo nilipojua nimepata besi na rithim yangu mahali pamoja.

Dylan hapigi kwa usafi wa Hurt, na sidhani kwamba alitafuta usafi huo. Kwenye World Gone Wrong hasa, unasikia kucha zikigonga mbao, pumzi, na neno linalomezwa nusu. Sauti yenyewe ilikuwa imekwaruzwa na maelfu ya usiku jukwaani. Wapo waliosema ni kazi ya haraka isiyomaliziwa. Mimi nasema ni uamuzi. Micajah Ryan ameeleza kwamba Dylan alikuwa akiujaribu wimbo kwa ufunguo huu na ule, kwa mwendo huu na ule, mpaka ukae. Kwa hiyo uvumilivu ulikuwepo, ila aliuelekeza kwenye kutafuta mahali ambapo maneno yanasimama. Baada ya kupapata, hakurudi kupaka rangi. Nimekaa studio na mafundi wanaosafisha kila mkwaruzo mpaka mwimbaji mwenyewe hajitambui, na najua ni ujasiri gani kuacha mambo yalivyo.

Wimbo ulionishika kuliko yote ni "Delia". Ni habari ya kweli. Delia Green alikuwa msichana mweusi wa miaka 14 katika mji wa Savannah, Georgia. Mkesha wa Krismasi ya 1900 alipigwa risasi na kijana wa rika lake, Moses Houston, aliyekuwa akijinadi kuwa ni mpenzi wake. Delia alifariki siku ya Krismasi. Houston alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1913. Gazeti limeisha, jalada la mahakama limefungwa, lakini wimbo ukaondoka Savannah kwa miguu yake. Blind Willie McTell, mwimbaji kipofu wa bluzi, aliuimba mwaka 1940 mbele ya kinasa sauti cha John Lomax, aliyekuwa akikusanya nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, katika chumba cha hoteli mjini Atlanta. Ulifika hadi visiwa vya Bahama. Unapomfikia Dylan, mwuaji anaitwa Curtis. Vilevile Frankie wa kweli, Frankie Baker wa St. Louis, alimpiga risasi mwanamume aliyeitwa Allen Britt mwaka 1899, na kwenye wimbo Allen akawa Albert. Majina yanabadilika mdomoni mwa watu. Kifo hakibadiliki.

Dylan anaimba "Delia" kwa upole, karibu kwa kunong'ona, na halii. Hilo lilinipa kazi ya kufikiri. Kuna ubeti ambapo mama yake Delia anasafiri kwenda magharibi, na anaporudi mtoto ameshalala kaburini. Mwimbaji wa dansi angepandisha sauti hapo, angeita jina, waitikiaji wangejibu, na trampeti zingemalizia. Dylan anapita kwenye ubeti huo kwa mwendo uleule aliokuja nao, kama shahidi anayesema alichoona, na uchungu unakuja kwako msikilizaji kwa sababu yeye hakukuzuilia njia. Kisha linarudi kila mara kiitikio cha mtu anayesema marafiki wote aliowahi kuwa nao wamekwenda.

Kiitikio hicho kwangu si maneno ya wimbo tu. Wengi niliosimama nao jukwaani tumewazika. Mpiga tumba wetu, kiongozi wa bendi, mwimbaji wetu wa pili. Mwaka mmoja baada ya kumzika mpiga trampeti, tulikutana nyumbani kwake, tuliobaki pamoja na familia. Baada ya chakula mjane wake akanigeukia: "Shemeji, tupigie kile mlichokuwa mnafungia naye." Kibao hicho kilikuwa ni trampeti kuanzia mwanzo mpaka chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezea. Nilikuwa na gitaa kavu tu. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kuichezesha melodi ya trampeti kwenye nyuzi nyembamba, ili pengo lisionekane. Nikaacha. Nilianza gumba taratibu, nusu ya mwendo wetu wa ukumbini, nikaimba maneno.

Na maneno yakatoka! Kibao kile ni habari ya kijana anayemwandikia mama yake barua kutoka mjini, anamdanganya kwamba kazi ni nzuri. Tulikipiga usiku hata usiku kwa miaka mingi, na sisi wenyewe tulikuwa tunayapita maneno kwa mbio ili tufike kwenye chemko, watu waje uwanjani. Safari hii hapakuwa na chemko la kukimbilia. Nilipofika mahali pa trampeti, niliacha gumba litembee peke yake, sikujaza kitu. Binti wa marehemu, ambaye kibao hicho amekisikia tangu anatambaa, aliniuliza baadaye, "Baba mdogo, kumbe ni barua?" Naam, ni barua. Ilikuwa barua siku zote.

Hapo nikaelewa kwa nini mtu mwenye bendi nzuri na pesa za kukodi wanamuziki wowote anaowataka anaweza kuamua kukaa peke yake. Bendi inaufanya wimbo uwe mkubwa, nami naipenda bendi mpaka kesho. Lakini wimbo wenye habari ndani yake unahitaji, mara mojamoja, mtu mmoja asiyekuwa na haraka ausimulie.

Kuna funzo lingine ambalo nalishikilia kwa nguvu, nalo linahusu majina. Albamu ya 1992 ilipotoka, nyimbo zilitambulishwa kuwa za jadi, zimepangwa na Bob Dylan. Hilo halikukaa sawa. "Hard Times" ni utunzi wa Stephen Foster, ulichapishwa 1854, na Foster huyo alifariki 1864 akiwa na senti 38 kwenye pochi yake. "Tomorrow Night" Lonnie Johnson aliuvumisha 1948, na una watunzi wanaojulikana. "Canadee-i-o" alivyouimba Dylan unafuata njia ya Mwingereza Nic Jones, na "Arthur McBride" unafuata njia ya Paul Brady wa Ireland, watu waliokuwa hai na wenye kazi zao. "Jim Jones", wimbo wa mfungwa anayepelekwa Botany Bay, Australia, ulizua mgogoro kwa sababu mpangilio wake ulikuwa wa Mick Slocum, mwanamuziki wa Australia. Nampenda Dylan, lakini hapo haki ilikuwa upande wa waliolalamika. Kusema wimbo hauna mwenyewe ni rahisi sana kwa mtu ambaye jina lake ni kubwa.

Mwaka uliofuata, kwenye World Gone Wrong, mambo yalikuwa tofauti. Dylan aliandika mwenyewe maelezo ya jaladani, akaeleza kila wimbo aliupata wapi: huu kwa Mississippi Sheiks, lile kundi la fidla na gitaa la akina Chatmon wa Bolton, Mississippi, huu kwa McTell, huu kwa Frank Hutchison, huu alifundishwa na Jerry Garcia, huu kwa Doc Watson. Ni maandishi ya ajabu, yanakwenda mbio na kuruka, lakini majina yamo. Albamu ile ilipata tuzo ya Grammy ya muziki wa jadi, nami naamini ni bora kuliko ile ya kwanza, na sehemu ya ubora wake ni hayo maelezo. Unamsikia mtu anayesimama katikati ya kundi la watu, hata kama kwenye chumba yuko peke yake.

Hapa kwetu jambo hili ni zito. Ni vibao vingapi vya dansi vinapigwa leo redioni na kwenye harusi, na hakuna anayejua nani alipiga rithim, nani aliandika beti, nani alileta ule mkong'osio wa besi ambao kila bendi imeuchukua? Nilinunua daftari gumu, nikaanza kuandika. Kibao, aliyenifundisha, mahali, mtindo wa vidole, na mstari ambao aliuimba tofauti na wengine. Kijana akija kwangu kujifunza, anaandika pia. Wengine wanaona ni usumbufu, wanataka chodi tu. Siwapi chodi bila jina. Mtu aliyetoa jasho lake kwenye wimbo atajwe, basi.

Watu huuliza kama kurudi kwenye nyimbo za zamani si kukata tamaa. Jibu la Dylan lilikuja 1997. Alitoa Time Out of Mind, albamu ya tungo zake mwenyewe baada ya miaka saba, akiwa na Daniel Lanois kama mtayarishaji, nayo ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka. Isikilize baada ya zile mbili za gitaa kavu, na utakuta vipande vya nyimbo za zamani vimetapakaa ndani ya beti zake, misemo ya wasafiri na ya makaburini, imeingia bila kuonyesha mshono. Alikuwa analima. Na hata 2017, katika mhadhara wake wa Nobel, alipotaka kueleza fasihi aliyokulia, aliwataja Stagger Lee na Frankie kama mtu anavyowataja watu wa mtaani kwake. Stagger Lee huyo ni Lee Shelton, aliyemwua Billy Lyons kwenye baa ya St. Louis Krismasi ya 1895 kwa ugomvi wa kofia. Wimbo wake umo kwenye World Gone Wrong.

Mimi si mtunzi, na sitafuti kuwa mtunzi. Ninachokipata ni kingine. Kila wimbo wa zamani ninaoujifunza vizuri unanirekebisha kitu: mmoja umenifundisha kupumua, mmoja kuacha nafasi, mmoja kuimba chini ya uwezo wangu. Sasa nipo kwenye "Broke Down Engine". McTell aliurekodi 1931 kwa gitaa la nyuzi 12, na mimi nina sita, kwa hiyo ule mngurumo wake sina. Ni bluzi ya kweli: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unajibu. Mtu anajifananisha na injini iliyoharibika njiani. Katikati McTell anagonga mwili wa gitaa kama mtu anayebisha hodi, na Dylan naye aliichukua hodi hiyo. Ugumu wake ni kwamba gumba lisisimame wakati mkono unakwenda kugonga.

Kijana mmoja wa jirani yangu, ambaye anapiga besi kanisani, aliniuliza aanzie wapi. Nimemwambia aanze na Hurt, rekodi za 1928, asikilize gumba peke yake mpaka aweze kulipiga kwa mguu sakafuni bila gitaa. Akishaliweza, aende kwa Mwenda wa Bayeke. Dylan aje wa tatu, maana huyo ukimwiga kabla mkono haujakaa utachukua mikwaruzo yake na kuacha kazi iliyo chini yake. Keshaanza. Jana nilimsikia dirishani kwao, gumba linachelewa kwenye G lakini kwenye C linatembea.